Duara la Chaki ya Njano

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Mimi nilipakia maboksi kwenye ghala moja la Jeffersontown, huku ugenini tulikohamia, na siku za hospitali nikawa mkalimani wake. Nilijiona mtu. Pale hospitalini Louisville walitaka kutupatia mkalimani wa simu, nikamkataa: wa nini, na mwana yupo?

Daktari aliuliza anaumwa wapi. Mama alinitazama, akainamisha macho, akaweka mkono juu ya tumbo.

"Umuambie ni tumbo. Iko inauma kidogo tu."

Nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha kujigamba. Wakampa dawa za tumbo. Tulirudi mara tatu, jibu likawa lile lile, na mama akazidi kukonda. Siku moja nilimfokea kwamba anakataa kula. Nikikumbuka hilo, moyo unaniuma hadi leo.

Nilikuwa naazima vitabu vya picha maktaba, kwa kuwa havina maneno mengi. Kimoja kilikuwa na mchoraji Mjerumani wa zamani sana, aliyejichora mwenyewe kifua wazi, kidole kikionyesha doa la njano ubavuni. Maelezo yalisema huenda mchoro huo alimpelekea daktari wa mbali, na kwamba aliandika juu yake kuwa penye doa ndipo panapomuuma. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka kueleza. Mimi nilicheka, nikampelekea mama jikoni, alikokuwa akisonga fufu.

Alifuta mikono, akamtazama yule mzungu hadi fufu likaanza kuungua.

"Donc, basi alivula nguo, akajichora, juu daktari aone?"

"Ndiyo, mama."

"Na hapakuwa mutoto wake wa kumutafsiria?"

"Hapana. Alikuwa peke yake."

"Bon, sawa. Alikuwa na bahati."

Sikuelewa. Mjinga mimi.

Siku ya hospitali alinipa karatasi iliyokunjwa. "Umupe daktari. Weye usifungue." Sikuifungua. Aliifungua daktari, mezani, mbele yangu. Ilikuwa blauzi, imechorwa kama mafundi wanavyochora kabla ya kukata kitambaa, haina kichwa wala mikono. Kwenye titi la kushoto palikuwa na duara la chaki yake ya njano.

Mama aligeukia ukuta. Kwetu mama hamtajii mwanawe wa kiume jambo la titi lake. Alikuwa amevumilia miezi yote ile kwa sababu mkalimani nilikuwa mimi.

Wakampima. Majibu yalipotoka, daktari alisogeza kiti karibu, akazungumza polepole ili nisikose neno: ni saratani, imeshaenea mwilini, hawataweza kuiondoa. Kisha akaningoja nitafsiri.

Mama naye alikuwa ananitazama.

"Anasema ni tumbo, mama."

Alichukua mkono wangu, akauweka mapajani pake, akaupapasa taratibu.

"Bon," akasema. "Ni tumbo tu."