Mama Akitafuna Gome

Mimi sikusoma. Darasa la tatu niliacha kalamu nikashika fimbo, na leo ukiuliza sokoni Garissa ni nani hupeleka ng'ombe Nairobi kwa malori yake mwenyewe, si ya kukodi, utaletwa mpaka langoni kwangu. Nyumba ni ya ghorofa, vigae mpaka jikoni. Hayo yote nimeyatoa kwa mkono huu. Kitu kimoja tu kilinishinda, nacho ni usingizi wa mchana.

Si kwamba sikulala. Hapa kwetu jua likifika utosini, watu wakishaswali adhuhuri, maduka yanafungwa na kila mtu anajinyoosha. Mimi pia. Na kwa miaka mingi, nikifika pale katikati, sijalala na siko macho, nilikuwa namsikia mama yangu akitafuna gome.

Mama alikuwa akifuma herio, ile mikeka minene ya kufunika nyumba zetu za kuhamahama. Gome la mgunga halifumwi hivi hivi. Mwanamke hulitafuna kwanza, lilainike, liwe nyuzi. Saa za jua kali alikaa ndani, mimi kichwa kimelala pajani mwake, na ile sauti iko juu yangu: krrp, krrp, kisha kimya akivuta uzi kwa meno, kisha tena. Mate ya gome yalikuwa mekundu. Mara nyingine tone liliniangukia shavuni, nami nililiacha likauke hapo hapo. Alifariki kabla sijamiliki hata mbuzi mmoja. Picha yake sina. Nani alikuwa na kamera kule? Sauti hiyo ndiyo picha yangu.

Basi nikaweka mashine ya baridi chumbani, kubwa, watu walikuja kuitazama. Tangu siku hiyo sauti ikakatika. Nafumba macho, nafumbua ni alasiri, katikati hamna kitu. Nalala kama taa iliyozimwa.

Nilimwuliza jirani yangu, muuguzi mgeni aliyeletwa hapa kikazi.

"Mzee, ile sauti si mtu," aliniambia. "Ni akili yako inapovuka kwenda usingizini. Wengine husikia jina lao likiitwa, wengine huona nyuso. Sasa kwa baridi ile unavuka haraka, husikii kitu."

"Na dawa ya kuvuka polepole?"

"Hiyo hainunuliki, mzee."

Mtu akiniambia kitu hakinunuliki, ndipo napata nguvu. Nikatuma gari Balambala limlete habaryar yangu, mdogo wake mama, pamoja na mzigo wa magome. Mpango ulikuwa rahisi: yeye atafune, mimi nilale. Alishuka, akaitazama ghorofa, akamshukuru Mungu, akauliza ngazi zote hizo ni za kwenda kwa nani. Nilipomweleza kazi niliyomwitia, alicheka mdomo wazi, nikaona ufizi mtupu.

"Nitakununulia meno, habaryar."

"Meno ya dukani ni ya kula pasta, mwanangu. Ungeniita nikiwa na yangu."

Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia ya chai. "Mwambie anunue na mama mwingine," akasema. "Pesa si anazo."

Kisha akatazama chini, akaweka sinia polepole. Habaryar alinishika kichwa kama mtoto, mimi na mvi zangu.

"Dada yangu alitafuna upande wa kushoto," akasema. "Wa kulia jino lilimsumbua."

Sikuwa najua. Miaka yote namsikia, na sikujua kwamba jino lilikuwa likimuuma.

Yeye alirudi kwake, mzigo ukabaki. Mchana mmoja nilizima mashine, nikafungua dirisha joto liingie, nikatandika mkeka juu ya vigae vyangu. Nikaweka kipande cha gome mdomoni, shavu la kushoto. Ni kichungu, kinakausha ulimi. Nikaanza, krrp, krrp. Jasho likanitiririka mgongoni. Nje mkokoteni wa punda ulipita na mitungi ya maji.

"Mtu mzima na gome mdomoni kama ngamia," mke wangu alisema akichungulia. "Kuna mtu langoni anataka kukuona."

"Mwambie nimelala."

"Umelala?"

"Bado."

Alivuta mlango taratibu. Sijui muda gani ulipita. Najua tu kwamba taya langu lilikuwa limesimama, gome limetulia shavuni, mate yananitoka mpaka kwenye mkeka. Na juu ya kichwa changu, sauti ilikuwa inaendelea.

Nilitaka kumwita mama kwa lugha yetu, hooyo, neno hilo moja tu. Lakini nilijua nikifungua mdomo nitaamka. Nikanyamaza, macho nimeyafumba, nikamsikiliza mpaka mwadhini wa alasiri alipoanza.