Mtani Aliyelala Kisimani Mchangani

Msidhani niliondoka Bagamoyo kwa kupenda kutembea. Miguu yangu mimi ni ya kushuka chini, si ya kwenda mbele. Kazi yangu kuchimba visima, na zamani zile, pwani ikiwa bado ya Seyyid wa Unguja, kutoka Kaole mpaka mjini hapakuwa na shamba la minazi ambalo sikulitoboa. Kuna visima nimechimba, wallahi, mpaka majini yakanigongea kwa chini: "Wewe Kibwana, mwisho hapo hapo, sisi tumelala!"

Basi siku moja akaja mjumbe, ametoka Mchangani, kijiji cha wavuvi na wakulima kilicho ufukweni, karibu na kufika Saadani. Katumwa na Bi Mwanahawa, dada mkubwa wa jumbe, mkuu wa kijiji kile. Maneno yenyewe mafupi: "Visima vitatu vyote vimeingia chumvi. Watu wamekubaliana, mwezi ukiandama wanahama. Mimi nina minazi niliyoipanda kwa mkono wangu na makaburi ya wanangu. Sihami. Kama unajua kazi, njoo. Kama hujui, salamu."

Mtu akikuambia hivyo utakaa? Nikachukua jembe, nikamchukua na Songoro, fundi mwenzangu, mtu mrefu mpaka akipiga chafya ndege wanahama mti.

Alfajiri tulitoka mjini. Njiani tukapishana na wapagazi wanashuka na pembe, wamechoka, macho mekundu. Mmoja akaliona jembe langu begani. "Mzaramo, unakwenda kulima?" Nikamwambia nakwenda kutafuta maji. Akacheka. "Sisi tumetoka Unyamwezi mpaka hapa tunatafuta hayo hayo."

Mchana tukafika Mto Wami. Hapo kuna mtumbwi na mwenye mtumbwi, na chini ya mtumbwi kuna mamba. Nilimwona mmoja, mrefu kama msikiti, mgongoni ameota majani, na kwenye majani yale kuna mbuzi anakula. Songoro alifumba macho tangu ukingo huu hadi ule. Mwenye mtumbwi akamwambia, "Kaka, fumbua. Mamba hali mtu aliyefumba macho, anadhani amekwisha kufa." Kufumbua hakufumbua.

Jioni tulilala Mkange. Wenyeji wakatupa ugali na mlenda, wakatuuliza twendako. Tuliposema Mchangani, mwenye nyumba akaweka tonge chini. "Chimbeni basi upesi. Sisi wale tumeshawatengea viwanja, na nguzo za nyumba zao tumeanza kukata." Hapo ndipo nilipojua kuwa jambo lenyewe si mzaha.

Mchangani tulifika jua limepanda. Kijiji kizuri, minazi mpaka baharini, lakini milango ya nyumba imeshang'olewa, imeegemezwa ukutani tayari kubebwa. Nyumba moja tu mlango wake upo, na mlangoni kasimama mwanamke mfupi, kajifunga kanga kifuani kama anayekwenda kupigana.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Ndiye wewe fundi? Nilidhani mrefu."

"Nilikuwa mrefu, Bi Mkubwa. Visima vimenipunguza."

Hakucheka. Akanipeleka kuonja. Yale maji, jamani! Ukinawa uso asubuhi, jioni umekuwa ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, unafaa kuuzwa sokoni. Nikatema, nikamwuliza kisima cha kwanza kilipoanza kuchimbwa, maji yalikuwaje.

"Matamu. Lakini kidogo, kata moja moja. Ndipo Jumbe akasema ongezeni kina."

"Na cha pili?"

"Vivyo hivyo."

"Na cha tatu?"

"Wewe fundi huna swali jingine?"

Nikacheka mwenyewe. Pwani yetu hii, chini ya mchanga maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukichota kwa adabu unapata mafuta. Ukizamisha upawa mpaka chini, umekoroga. Watu wa Mchangani walikuwa mahodari mno wa kuchimba. Kila walipopata maji matamu, walipita wakayaacha juu.

Kesho yake asubuhi tukaanza, nyuma ya kilima cha mchanga, mahali palipoota mikindu. Nikachimba shimo pana, ng'ombe wangeweza kuchezea ngoma humo. Songoro akasimamisha fito za mikoko pembeni, mchanga usitumeze. Lilipofika kifuani kwa Songoro, mchanga ukalowa, pakatoka maji ya kujaza kiganja. Nikaonja. Sukari!

Hapo akaja Jumbe Mkomwa, mdogo wake Bi Mwanahawa, na nyuma yake wanaume sita wenye majembe. Akachungulia.

"Haya, shukeni. Ongezeni kina."

"Jumbe, hapana. Mwisho hapa."

"Maji haya hata kuku hayamtoshi! Nimekuita uje unioneshe jasho lako?"

"Hukuniita wewe. Kaniita dada yako."

Akashikwa na hasira, akawapungia mkono wale sita. Mguu wa kwanza ukaanza kushuka. Nikamwona Bi Mwanahawa ukingoni, kashika mdomo. Jembe likiingia mara mbili tatu tu, chumvi inapanda, mlango wake nao unang'olewa.

Sasa, mimi Mzaramo, wao Wazigua. Ni watani. Nanyi mnajua mtani msibani anafanya nini: anashuka kaburini, analala, na maiti hazikwi mpaka akombolewe. Kumtoa kwa nguvu ni aibu ya ukoo mzima. Basi mimi nikajitupa chali chini ya shimo lile, mikono kifuani, macho juu.

"Toka!" Jumbe akapiga kelele.

"Sitoki. Mtani wako nimelala kaburini. Nikomboe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wale sita wakaegemea majembe, wanacheka. Jumbe akatazama kulia, akatazama kushoto, amenaswa.

"Unataka nini? Kuku?"

"Kuku nitakula wapi, mimi maiti? Nataka jembe lisiingie humu mpaka alasiri."

"Na alasiri maji yakiwa bado kiganja?"

"Nifukieni humu humu. Shimo mnalo, maiti mnayo, mmebakiza nini?"

Jumbe akaketi ukingoni kunilinda nisitoroke. Nikalala. Kwanza maji yakanigusa visigino. Kisha mgongo. Adhuhuri yakaingia masikioni, nikawa nasikia matusi ya Jumbe nusu nusu, nikamshukuru Mungu. Baadaye ikabidi niketi. Yakafika kitovuni. Watu wakaacha kucheka, wakawa wanahesabu vifungo vya kanzu yangu vinavyozama.

Alasiri yalikuwa kifuani. Bi Mwanahawa alipiga magoti, akateka kata moja, akampa mdogo wake. Jumbe akanywa. Akapokea ya pili. Ya tatu.

"Enhe?" dada akauliza. "Matamu?"

"Ngoja, sijahakikisha." Akanywa ya nne. Kisha akafuta ndevu. "Yana ladha ya Mzaramo."

Kilichofuata sikuweza kukisikia vizuri kwa maji ya masikioni, ila niliona: watu wazima wanarukaruka kama vifaranga, na wanaume wale sita wanakimbilia milango kuirudisha mahali pake. Tukayateka maji yote niliyoogea, yakaja mengine, matamu vile vile.

Siku ya kuondoka niliwaagiza: kisima kikipungua, kipanueni pembeni, msiongeze kina hata shibiri moja. Bi Mwanahawa akamtazama mdogo wake. "Atakayeshuka humu na jembe, atanikuta mimi nimelala. Nami hanikomboi mtu."

Mjini tuliporudi, mafundi wenzangu wakaniuliza nimekwenda kina gani. Nikawaambia kifuani kwa Songoro. Wakacheka wakaanguka. Waache wacheke. Nimechimba visima virefu ambavyo ukitupa jiwe asubuhi linafika chini umeshaoa. Lakini ninachojivunia ni kile kifupi. Tangu siku ile mtu akiniita kazini siulizi nichimbe mpaka wapi, nauliza niache wapi. Na watu wa Mchangani hawakuhama. Wapo pale pale, wanakunywa, na utamu wa maji yale, nasikia, papa wanatoka baharini wanapanga foleni na vibuyu vyao.