Maharage ya Upande wa Juu

Tusajigwe alipanda maharage yote siku moja, mbegu ile ile, kwa mkono wake mwenyewe. Wiki tatu baadaye alisimama katikati ya shamba lake la Busale, haelewi anachokiona. Upande wa bondeni miche ilikuwa ya kijani kabisa. Upande wa juu majani yalianza kuwa ya njano pembezoni, kisha yakakauka kama yaliyobabuliwa.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mkulima tangu utotoni, na shamba halijawahi kumshinda namna hii. Aling'oa miche akatafuta funza mizizini; hakuna. Akamshuku shemeji yake waliyegombania naye mpaka, halafu akaona aibu.

Asajile, jirani anayemlimia kwa maksai, akaja kutazama. "Mama, hapa ndipo ng'ombe wangu alipoanza kuchechemea. Huku juu sikulima."

"Najua. Nilitoboa mashimo kwa kijiti nikafukia. Lakini maharage yatajuaje kama plau imepita?"

Wakamwita Theophil, bwana shamba aliyehamishiwa kwao kutoka Bukoba. Yeye akauliza jambo jingine kabisa: msimu uliopita palikuwa na nini?

"Mahindi. Nilipiga dawa ya magugu shamba zima, mara mbili. Ya kwanza nilidhani mvua imeiosha."

"Dawa hiyo mahindi huivumilia, maharage hayaiwezi. Hukaa udongoni muda mrefu. Palipolimwa, plau imeichanganya na udongo mwingi, makali yamepungua. Huku imebaki juujuu, na mbegu umezifukia humo humo."

"Magugu yalishakufa, bwana shamba. Sasa dawa bado inatafuta nini?"

Theophil akacheka, akakiri kwamba hata yeye hana hakika. Wakajaza makopo mawili, moja udongo wa juu, jingine wa bondeni, wakapanda maharage humo. Siku ya kumi na nane, miche ya kopo la udongo wa juu ikaanza kuwa ya njano; ya bondeni ikabaki kijani.

Basi Asajile akalima upande ule kwa kina, Tusajigwe akapanda mahindi, yakaota vizuri. "Ndaga fijo," akamshukuru Theophil. Lakini huko huko juu, kando ya migomba, ilibaki mistari mitatu ya maharage ambayo plau haikuigusa hata kidogo, nayo ilistawi kuliko yote. Akampeleka bwana shamba akaione. Theophil alichuchumaa, akapekecha udongo vidoleni.

Maharage hayo Tusajigwe aliyavuna, akayapika, akala, na bado hajaelewa kwa nini dawa haikuyadhuru.