Mguu Juu ya Mpira

Enzi zetu pale Gulwe, mpira wa ngozi ulikuwa mmoja kwa kijiji kizima, na ulilala nyumbani kwa Bwana Stesheni, mkuu wa kituo cha treni, juu ya kabati la sare zake. Sisi watoto tulicheza na wa matambara na mifuko ya nailoni, uliofungwa kamba za katani, na ukilowa mvua ulikuwa unauma mguu mpaka kisigino. Tukitoka shule tunapitia nyumbani kumeza ugali wa uwele na mlenda, tunalamba vidole, halafu mbio uwanjani. Wasichana tulitakiwa kucheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa. Mimi nilicheza rede siku ambazo baba alikuwa shambani. Siku alizokuwepo nilicheza mpira, maana yeye ndiye aliyenifundisha, na mama akilalamika anajifanya hasikii.

Uwanja wenyewe ulikuwa umebanwa kati ya reli na mto Kinyasungwe, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Mpira wa kwanza wa kijiji ulikanyagwa na treni ya mizigo kabla sijazaliwa, na wazazi wetu waliusimulia msiba huo kwa sauti ya chini. Tangu hapo ikawekwa sheria. Honi ya treni ikilia, aliye na mpira anaweka mguu juu yake na kusimama. Hakuna kumnyang'anya. Mabehewa yanapita, watazamaji wanageuka kupunga mikono, na behewa la mwisho likishapita mchezo unaendelea palepale ulipoishia. Hata ukiwa umebaki wewe na goli tupu, unasimama. Aliyekuwa anakufukuza naye anasimama, anahema kisogoni mwako, anakusubiri. Watoto tuliifuata sheria hiyo hata kwa mpira wa matambara, ambao ungekanyagwa tungefunga mwingine kabla ya magharibi. Hatukufikiri. Honi ililia, mguu ukapanda.

Baba yangu, mzee Madeje, alikuwa kiungo na nahodha. Wakati ninaousimulia alikuwa anakaribia miaka arobaini, magoti yake yakilia kila anapochuchumaa, lakini mpira wote wa timu ulipitia kwake. Kijiji kilimwita Fundi. Vijana walikimbia, yeye alitembea, na bado mpira ulifika alipotaka. Alikuwa akiniambia, "Inua kichwa, Nyemo. Mpira hauna macho, wewe unayo." Nilikuwa na miaka kumi na niliamini hakuna mtu duniani anayeweza kumpokonya baba mpira.

Mwaka ule tulifika mchujo wa kupanda daraja. Mechi ya kwanza tuliifunga timu moja ya mjini bao moja kwa bila, kwetu, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka jioni. Ya marudiano ilikuwa Dodoma mjini. Sare tu ilitutosha. Tulikwenda na lori la mfanyabiashara wa karanga, tumekaa juu ya magunia, tunaimba, vumbi limetufanya sote wazungu. Wengi walibaki kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Mimi nilipewa nafasi kwa kuwa ni mtoto wa nahodha, na nikajiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Uwanja wa huko nao ulikuwa wa vumbi, na nyuma ya goli moja, mbali kidogo, kulikuwa na reli. Hakuna aliyelitilia maanani hilo. Nilikaa kwenye chaki ya pembeni mwa uwanja, karibu kabisa, nimekumbatia shati la baba. Dakika zilikuwa zimebaki chache, hakuna goli, na baba alikuwa na mpira katikati, ametulia, anatafuta wa kumpa. Treni ikapiga honi.

Niliona mguu wake wa kulia ukipanda juu ya mpira. Nikageuka, na watu wetu wote wakageuka. Tuliacha kushangilia, tukapunga mikono kama tulivyozoea, na nyuma yetu mashabiki wa mjini wakaangua kicheko: "Washamba! Wanasalimia mabehewa!" Kisha kicheko kikageuka kuwa kelele za goli. Tulipogeuza vichwa, mpira ulikuwa wavuni na baba alikuwa bado amesimama palepale, mguu wake umeshuka chini, anautazama ule mchanga ulipokuwa mpira. Bao moja kwetu, moja kwao, mechi ikaenda kwenye mikwaju ya penalti. Ya mwisho alipiga yeye, kwa kuwa ndiye mzoefu, na mpira ukapaa juu ya mwamba wa goli ukaangukia kwenye ua wa miiba wa watu.

Kwetu kulikuwa na desturi ya kikao baada ya kila mechi, Jumapili watu wakitoka kanisani, kwenye baraza la ghala la mizigo. Wachezaji walikaa kwenye benchi mbele, na hawakuruhusiwa kusema neno. Ilisemekana aliyecheza amekwisha kusema kwa miguu yake. Sasa ni zamu ya waliotazama. Siku nyingine zote kikao kile kilikuwa raha tupu. Watu walicheka, wakaigizana, wakagawana ubuyu.

Siku ile aliyeanza ni Yohana wa mashine, mwenye kinu cha kusaga, ambaye hata mjini hakwenda.

"Mimi sikuwepo, lakini nimesimuliwa," alisema. "Mtu amecheza mpira miaka ishirini. Ananyang'anywaje mpira amesimama kama nguzo ya simu? Na penalti anairusha mbinguni? Huyu kapewa kitu."

"Hajapewa kitu, amezeeka tu," mwingine akamjibu. "Tulisema msimu uliopita apumzike, mkatuona wabaya."

"Kuzeeka gani? Wiki iliyopita alizeeka?"

Wakabishana, mishipa imewatoka shingoni. Waliopiga kelele zaidi walikuwa wale waliobaki kijijini. Tuliokwenda tulikuwa kimya. Hatimaye Bwana Stesheni, aliyekuwa mwenyekiti, akainua mkono. "Mliokuwa kule. Nani aliona kwa macho yake ilivyokuwa?"

Nani angesimama mbele ya kijiji kizima aseme alikuwa amempa mgongo Fundi, anapungia treni, na watu wa mjini wanamcheka? Niliwatazama watu wazima mmoja mmoja wakichunguza kucha zao. Ndipo Bwana Stesheni akaniona.

"Nyemo, wewe ulikuwa kwenye chaki. Uliona nini?"

Nilijua. Mimi peke yangu nilikuwa nimeuona ule mguu ukipanda kabla sijageuka. Maneno matatu tu yangetosha: alisimama kama nyumbani. Lakini kile kicheko cha washamba kilikuwa bado masikioni, na sikutaka kukisikia tena kikitoka kwa watu wetu, kikimwangukia baba, kikiniangukia mimi.

"Sikuona," nikasema. Halafu kwa woga nikaongeza, "Shikamoo."

Kikao kizima kikacheka. Baba aliinua kichwa, akanitazama kidogo, akakiinamisha tena. Yohana akachukua kule kutoona kwa shahidi wa mwisho kuwa ushahidi, na watu wakatawanyika wakiwa wamekubaliana kwamba mechi iliuzwa. Njiani nilimbebea baba viatu vyake, nikingoja anigombeze. Alisema tu, "Mlenda utakuwa umeshapoa."

Hakucheza tena. Viatu vilining'inia ukutani mpaka panya wakala kamba zake. Jina la Fundi likafa, wakamwita Kauza, kwanza kwa siri, baadaye hata kisimani mbele ya mama. Msimu uliofuata timu ilifungwa kila mahali kwa sababu hakukuwa na wa kuipikia mabao, na mwaka wa pili yake haikuwepo timu. Mimi nilikua, nikaolewa, nikahamia mjini, na kila likizo nikaenda Gulwe nikiwa nimejiandaa kumwambia. Nilikuwa nikimkuta shambani. Honi ikilia ng'ambo ya mto, alikuwa akisimamisha jembe, anasubiri behewa la mwisho, ndipo anaendelea kulima. Nikimwona hivyo niliahirisha. Nilisema mwaka ujao. Mwaka juzi tulimzika, na kwenye msiba watu wawili watatu walimtaja kwa jina la Kauza bila ubaya wowote, kwa mazoea tu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu wiki iliyopita timu wanayoishangilia vijana wangu imetolewa kwenye mchujo, na kiungo wao mkongwe amekosea mara mbili. Walikaa hapa barazani kwangu Nkuhungu, Dodoma mjini, mwanangu Daudi na wenzake wanne, kila mmoja ameinamia simu. Watoto wa siku hizi hawajawahi kufunga mpira wa kamba, wakikimbia kutoka hapa hadi dukani wanashika kiuno, lakini kila mmoja ni kocha. Walilirudia kosa la yule mzee polepole, mbele na nyuma, labda mara arobaini.

"Tazama, tazama mguu wake. Huyu kauza, wallahi."

"Unajuaje?" niliwauliza.

"Mama, si tumeona!"

Sisi hatukuona na tukahukumu. Hawa wameona mara arobaini, na hukumu ni ileile.

Daudi akainua macho kwenye simu. "Kwani babu naye si aliuza mechi? Nikienda Gulwe wananiita mjukuu wa Kauza. Ni kweli, mama?"

Nilijiona niko tena kwenye baraza la ghala. Nikaweka ungo wa mchele chini. Nikamwambia yote, taratibu, bila kuacha kitu: sheria ya treni, honi, mguu, na mimi niliyesema sikuona. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimeyabeba.

Vijana walitazamana. Daudi alijitahidi kujizuia, akashindwa.

"Ina maana babu alisimama kwa sababu ya treni? Mechi ya mchujo?" Alicheka mpaka akafuta machozi. "Mama, bora ungesema aliuza!"

Kilikuwa kicheko kilekile. Nilikikimbia nikiwa na miaka kumi, nikampa baba jina la mwizi ili nisikisikie, na sasa amekuja kunicheka mtoto wangu mwenyewe. Wenzake nao walicheka, halafu mmoja akafungua video nyingine na wote wakainama tena. Mimi nilirudia ungo wangu, na mchele sikuuona kwa machozi.

Treni ya umeme inapita Gulwe siku hizi, imeshapita kabla hujageuza kichwa, na uwanja wetu umeota miiba. Sijui kama kuna mtoto pale anayeijua ile sheria. Enzi zetu, honi ikilia, hata mtu aliyekuwa anakufukuza akushinde alisimama nyuma yako akakusubiri. Baba alidhani dunia nzima inacheza hivyo, na mimi, niliyemwona, sikumsubiri.