Visa ya Msusi wa Yeoville

Wiki iliyopita, katika ofisi ya visa hapa Johannesburg, mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja Mkongo, msusi wa Yeoville. Aliniambia alikuwa amesubiri visa mpya kwa miaka, na muda wote huo aliogopa kwenda Lubumbashi kumwona mama yake mgonjwa, asije akazuiwa kurudi kwa watoto wake.

Afisa akamsukumia pasipoti. Msusi akaifungua, akaitazama, akamrudishia.

"Hii ni ya kweli?" akauliza kwa Kiingereza.

"Ya kweli, mama. Tumefanya kazi hadi Jumamosi kumaliza maombi yaliyolala. Serikali imetaka yaishe, na yanaisha."

Simu haziruhusiwi pale, lakini msusi alikwishapiga ya video. "Maman, visa imetoka! Nitakuya hii juma!"

Mlinzi akasogea. Afisa akamwashiria kwa kidole amwache.

"Nani amekupatia?" sauti dhaifu ya mama yake ikauliza.

"Ni huyu papa." Akageuza simu dirishani, ikamwelekea afisa.

Afisa akaketi wima, akaweka tai yake sawa. "Jambo, mama," akasema, na hicho ndicho Kiswahili chote alichokuwa nacho. Yule bibi kwenye simu akambariki, yeye na wanawe, na foleni nzima ikapiga makofi.

Nimezoea kuona maafisa wa dirisha lile wakiinamisha macho tunapouliza. Huyu alitutazama usoni, kama mtu anayejivunia kazi yake.

Zamu yangu ilipofika, aliniambia yangu bado. Nilitoka mikono mitupu, na njia nzima hadi Randburg nikawa namsifu kwa kila abiria aliyekubali kunisikiliza.