Minyaa Niliyoipanda kwa Mama Mdogo

Nilipofika kwa mama mdogo, nje kidogo ya Bariadi, nilikuwa natoka kubeba magunia mjini Nyashimo. Nilimkuta anahesabu siku. Keshokutwa wapimaji wa ardhi wangekuja, na asiye na mpaka hapati hati ya kimila.

Yeye na mumewe waliondolewa kijijini kwao, pembezoni mwa hifadhi, nyumba zikabomolewa. Mzee mmoja wa hapa akawapa eneo, kwa mdomo tu. Miaka kumi na moja imepita. Mzee amekufa, mume amekufa, na mtoto mkubwa wa mzee hajawahi kumwambia kaa wala ondoka.

"Mbona hujapanda minyaa?" nilimuuliza. Huku kwetu uzio wa minyaa ndio mpaka.

"Mgeni hapandi. Anapandiwa."

Niliacha shule darasa la tano, lakini nimezunguka, nikajiona mjanja. Asubuhi yake alipokwenda kisimani nilikata matawi kwa jirani, nikayachomeka kuanzia nyuma ya nyumba hadi chini ya majaruba yake ya mpunga. Utomvu uliniwasha macho siku nzima. Aliporudi aliutazama ule mstari, akatua ndoo, akaingia ndani.

Siku ya kupima, mtoto wa mzee alikuja na wapimaji na kamati ya kijiji.

"Mwadila, mayu," alimsalimia mama mdogo kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Minyaa hii imeshushwa na mvua gani? Juzi nimepita hapa, haikuwepo."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Baba alikupa pa kulala. Leo unanikatia mpaka?"

"Nimepanda mimi," nikasema.

"Nyamaza!" Mama mdogo aliinama, akang'oa tawi la kwanza, la pili, la tatu. Aling'oa mstari wote huku sisi tumesimama. Kisha akaigeukia kamati. "Andikeni sina mpaka."

Mwenye kalamu hakuandika. Alimtazama mtoto wa mzee.

Yule mwanamume aliokota matawi, akachomeka moja nyuma ya nyumba, jingine kwenye kona ya shamba la mtama. Akateremka kuelekea bondeni. Mama mdogo alishika kanga yake kwa mikono miwili. Hatua chache kabla ya majaruba, yule mtu alikata kona, akayaacha nje.

"Ndani ya hapa ni pake," akawaambia. "Andikeni."

Matuta ya majaruba yale aliyapandisha mama mdogo na mumewe, kwa jembe la mkono.

"Asante, baba," alisema. "Na mpunga uliopo?"

"Huo vuna."