Mume Wangu Amehama Nyumbani kwa Sababu ya Blanketi ya Mtoto Wetu

Admin, nifiche tafadhali, watu wa mtaa wetu wa Kamenu wananijua.

Mimi ni mama wa miaka 47, fundi wa cherehani hapa Thika. Mwaka jana tulimzika kifungua mimba wetu, Maina, aliyegongwa na lori akiwa kwa pikipiki. Baada ya mazishi jamaa za mume wangu walisema watakuja kugawana nguo za marehemu, kama ilivyo desturi yao. Nikiwaza binamu yake akipita sokoni na shati la mwanangu, damu ilinichemka. Nikashika makasi. Walipofika walikuta viraka tu mezani, wakasema nimerukwa na akili. Waseme, lakini hawakubeba hata soksi.

Viraka vile niliviunga vikawa blanketi. Siku niliyojifunika ndiyo siku ya kwanza nililala mpaka asubuhi. Mama mmoja wa kanisani akaiona, akaniletea nguo za marehemu mumewe nimshonee yake. Akafuata mwingine, na mwingine, hata kutoka mtaa wa Kiandutu. Wanakuja na mifuko, tunalia pamoja, kisha nashona. Kazi hii ndiyo imenirudisha kuwa mtu.

Lakini mume wangu aligoma kuingia chumbani. "Mama Maina, hii nyumba umeifanya mochari ya nguo," akasema, akahamia kwa ndugu yake Ruiru.

Wiki iliyopita nilimfuata, mdomo umejaa maneno. Nikamkuta nje kwenye jua kali, amevaa jaketi ya Maina, imembana mabega. Kumbe aliificha kabla sijaifikia. Aliponiona naitazama, akaishika zipu kwa mikono miwili.

"Hii hutakata," akaniambia. "Zile zingine ulikata zote na hukuniuliza hata moja. Kwani alikuwa wako peke yako?"

Ngai, Mungu wangu, alilia. Hata kaburini hakulia. Nikapanda matatu, nikarudi Thika.

Sasa anasema atarudi, ila blanketi na mifuko ya watu itoke. Mifuko naweza kuitafutia kibanda. Lakini blanketi siwezi kuiacha, na hata nikifumua nyuzi zote, mashati hayarudi kuwa mashati.

Nishaurini, hasa nyinyi akina baba mliozika mtoto. Nimpe nini mume wangu, na sikumbakishia hata shati moja?